Gottlieb Haberlandt: Baba wa miche ya maabara

KILA mkulima wa ukanda wa Pwani anajua kuwa muhogo hupandwa kwa pingili za shina, mgomba kwa chipukizi na nanasi kwa maotea yake. Kunde haimo katika kundi hilo. Ukikata shina la kunde ukalichomeka kwenye mchanga wa Kerege wakati wa jua, yaelekea sana kuwa baada ya siku chache utakuta limenyauka. Kunde, choroko, mbaazi, karanga na soya huanza na mbegu.

Hata hivyo, leo hii maabara inaweza kuchukua kipande kidogo cha mche wa kunde au soya wenye umri wa siku chache, kukiweka kwenye chupa yenye chakula maalumu, na kukifanya kitoe machipukizi mengi, kila moja likawa mmea kamili. Kazi hiyo huitwa kuotesha mimea kwa njia ya tishu.

Aliyeifikiria kwanza na kuijaribu alikuwa Profesa Gottlieb Haberlandt, aliyezaliwa mwaka 1854 na kufariki mwaka 1945. Wataalamu wa mimea duniani kote humtambua kama baba wa fani hiyo. La ajabu ni kwamba jaribio lililompa sifa hiyo halikufaulu. Makala haya yanaeleza maisha yake, kile alichokosa, na namna mkulima na mfanyabiashara mdogo wa mbegu anavyoweza kupima faida na hasara ya miche ya maabara.

Mtoto wa mwalimu wa kilimo

Haberlandt alizaliwa Novemba 28, 1854 katika mji wa Magyaróvár, ambao sasa upo Hungary na wakati huo ulikuwa chini ya ufalme wa Austria. Baba yake, Friedrich Haberlandt, alikuwa akifundisha katika chuo cha kilimo mjini hapo. Baadaye baba alisimamia kituo cha utafiti wa nondo wa hariri, kisha mwaka 1872 akahamia Vienna kufundisha katika chuo kikuu kipya cha kilimo.

Mwaka 1873 Vienna iliandaa maonyesho makubwa ya dunia. Nchi nyingi zilileta bidhaa zao, mfano wa Sabasaba yetu lakini kwa ukubwa wa dunia nzima. Katika mabanda ya Japani na China, mzee Friedrich alikuta mbegu za soya ambazo wakulima wa Ulaya walikuwa hawajazitilia maanani. Alizichukua, na kuanzia mwaka 1875 akawa anazipanda kwenye shamba la chuo na kuangalia zipi zinakomaa kabla ya baridi.

Hakuishia hapo. Aligawa mbegu kwa wakulima na wapimaji sehemu mbalimbali za nchi, na hadi mwaka 1877 walikuwa zaidi ya 100. Kila mmoja alipanda na kurudisha taarifa ya mavuno. Mwaka 1878 mzee huyo alitoa kitabu kizima kuhusu soya, na mwaka huo huo akafariki. Baada ya kifo chake, hamasa ya soya katika eneo lile ilipoa.

Gottlieb alikuwa na umri wa miaka 23. Alikuwa amepata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1876. Kutoka kwa baba alirithi tabia ya kuupima mmea na kuandika kila kinachotokea, hata kama matokeo si yale aliyoyataka.

Kifauwongo na safari ya Java

Mwaka 1884 Haberlandt alitoa kitabu kilichoeleza mmea kama mtu anavyoeleza mashine: sehemu hii inafanya kazi gani, na kwa nini ina umbo hili. Kabla ya hapo wataalamu wengi walichora na kutaja majina ya sehemu za mmea bila kuuliza kazi yake.

Humo alieleza jinsi seli, yaani chembechembe hai zinazojenga mmea, zinavyoizunguka mishipa ya jani kama shada katika baadhi ya nyasi. Ilipofika miaka ya 1960, watafiti walifahamu kuwa mpangilio huo ni sehemu ya sababu mahindi, mtama na miwa hutumia vizuri jua kali na joto kuliko mpunga au ngano.

Mwaka 1888 alipata uprofesa katika Chuo Kikuu cha Graz, Austria. Miaka miwili baadaye alitoa utafiti kuhusu kifauwongo, ule mmea ambao watoto wa Pwani huuchezea kwa kuugusa ili ukunje majani. Kifauwongo ni wa jamii ya mikunde. Haberlandt alitaka kujua taarifa ya kuguswa inasafirije kutoka jani moja hadi jingine ilhali mmea hauna mishipa ya fahamu kama mnyama.

Mwaka 1891, mwaka ambao Wajerumani walihamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, Haberlandt alisafiri hadi kisiwa cha Java, ambacho sasa ni sehemu ya Indonesia. Alikaa katika bustani ya mimea ya Buitenzorg, ambayo leo inaitwa Bogor, akichunguza mimea ya nchi za joto. Safari hiyo aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1893.

Mwaka 1900 alieleza jambo linalomhusu kila mpanda mbegu: kwa nini mzizi huelekea chini hata mbegu ikidondoka shimoni kichwa chini miguu juu. Ndani ya ncha ya mzizi kuna seli zenye punje za wanga. Punje hizo ni nzito, hutuama upande wa chini, na mmea hutambua upande wa ardhi kwa njia hiyo. Mtafiti mwingine, Němec, alifikia jibu hilo hilo mwaka huo huo bila wao kushirikiana.

Jaribio la 1902

Mwaka 1902, wakati Wajerumani wanaanzisha kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, Haberlandt alipeleka taarifa yake mbele ya Chuo cha Sayansi cha Vienna. Alikuwa na swali moja. Kama mmea mzima umejengwa na seli, je, seli moja ikitengwa na kulishwa peke yake inaweza kuishi, kugawanyika na hatimaye kutoa mmea mzima?

Alitenga seli za majani na za sehemu nyingine za mimea kadhaa, ikiwemo magugumaji. Aliziweka kwenye maji yenye chumvichumvi za madini na sukari, katika vyombo visafi, kisha akazitazama kwa darubini siku baada ya siku.

Seli ziliishi. Baadhi zilikaa hai karibu mwezi mzima. Zilikua zikawa kubwa na nyingine zikahifadhi wanga. Lakini hakuna hata moja iliyogawanyika ikawa mbili, na bila seli kugawanyika hakuna chipukizi, hakuna mzizi, hakuna mmea.

Mtu mwingine angeweza kulifungia jaribio hilo kabatini. Haberlandt aliliandika lote, akataja kuwa seli hazikugawanyika, kisha akaongeza mambo mawili. Kwanza, alisema ipo siku seli za kawaida za mmea zitaoteshwa zikawa vijusi vya mimea mipya. Pili, alihisi kuna kitu kinachochochea ukuaji ambacho kwenye chombo chake hakikuwepo, na akashauri kitafutwe ndani ya mimea yenyewe, kwa mfano katika majimaji yanayokizunguka kijusi ndani ya mbegu.

Leo tunajua sababu za kushindwa kwake. Alichagua seli zilizokwisha komaa, ambazo ni ngumu kuanza upya kuliko seli changa. Na chakula alichozipa hakikuwa na homoni, yaani vichocheo vya ukuaji, kwa kuwa wakati ule homoni za mimea zilikuwa hazijagunduliwa.

Viazi, kabichi na njegere

Mwaka 1910 Haberlandt aliitwa Berlin, Ujerumani. Alirudi kwenye lile swali la kichocheo. Mwaka 1913 alionyesha kuwa kipande chembamba cha kiazi mviringo hakigawanyi seli zake kikiwa peke yake, lakini kikiwekwa pamoja na kipande chenye mishipa inayosafirisha chakula, seli huanza kugawanyika. Maana yake kuna kitu kinatoka kwenye mishipa hiyo.

Baadaye alikata shina nene la mmea wa jamii ya kabichi. Kidonda kikioshwa vizuri, seli chache tu hugawanyika. Kikipakwa utomvu wa seli zilizopondwa, hugawanyika kwa wingi. Akasema seli iliyojeruhiwa hutoa homoni ya kidonda. Mkulima anayeona shina lililokatwa likifanya kovu nene anaiona kazi hiyo kwa macho.

Mwaka 1922, mwanafunzi wake Walter Kotte alifaulu kukuza ncha za mizizi ya njegere na mahindi zilizokatwa kutoka kwenye mmea. Mwaka huo huo Robbins, huko Marekani, alifanya kazi kama hiyo bila kujua ya mwenzake. Zile ncha ziliishi kwa muda tu, lakini njegere, zao la jamii ya mikunde, lilikuwa limeingia maabara.

Haberlandt alistaafu mwaka 1923. Mwanawe Ludwig, daktari aliyetafiti matumizi ya homoni katika kuzuia mimba, alifariki mwaka 1932, mzee akiwa hai. Mwaka 1939, Haberlandt akiwa na umri wa miaka 84, watafiti watatu, White wa Marekani pamoja na Gautheret na Nobécourt wa Ufaransa, walitangaza kila mmoja kwa upande wake kuwa wamekuza tishu za mimea bila kikomo kwa kuzihamisha kutoka chombo hadi chombo. Zilikuwa zimepita karibu miongo minne. Alifariki Berlin, Januari 30, 1945, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Pili kumalizika Ulaya.

Jibu lilikuwa ndani ya dafu

Kile kichocheo alichoshauri kitafutwe kwenye majimaji ya mbegu kilipatikana mahali ambapo mkazi wa Bagamoyo hapati shida kupafika. Mwaka 1941, van Overbeek na wenzake huko Marekani walitumia maji ya nazi, siyo tui bali yale maji ya ndani, kukuza vijusi vichanga vya mmea wa datura, ulio jamii moja na nyanya. Vijusi vilivyokuwa vikifa vilianza kukua.

Maji ya nazi ni chakula ambacho mnazi umemwekea mtoto wake, ndiyo maana yamejaa vichocheo. Mwaka 1958, Steward wa Chuo Kikuu cha Cornell alikuza seli za karoti katika chakula chenye maji ya nazi hadi akapata mimea mizima ya karoti. Utabiri wa 1902 ulitimia, miaka 13 baada ya aliyeutoa kuzikwa.

Wakati huo huo Skoog na Miller walikuwa wamegundua kanuni inayotumika hadi leo. Homoni moja huvuta mizizi, nyingine huvuta machipukizi. Ukizidisha ya kwanza unapata mizizi, ukizidisha ya pili unapata machipukizi. Mwaka 1962, Murashige na Skoog walitoa orodha ya chakula cha chupa, yenye madini, vitamini na gramu 30 za sukari kwa lita, ambayo maabara nyingi bado huitumia.

Mnazi wenyewe, uliosaidia mimea mingine, umebaki kuwa miongoni mwa mimea migumu kuzalishwa kwa njia hii.

Zao la baba

Mikunde nayo ilisumbua kwa muda mrefu. Karoti na tumbaku zilikubali mapema, lakini kunde, soya na maharage ziliwachosha watafiti. Njia iliyofungua mlango ilikuwa kuacha seli zilizokomaa na kutumia mche mchanga.

Mbegu ya soya au kunde ikichipua, hutoa kwanza majani mawili manene yaliyokuwa nusu mbili za mbegu. Wataalamu huyaita kotiledoni. Pale yanaposhikana na shina kuna kifundo chenye seli changa zilizo tayari kugawanyika. Mwaka 1980, Cheng na wenzake huko Marekani walitangaza kuwa wamepata mimea mizima ya soya kutoka kwenye kifundo hicho. Soya, zao ambalo mzee Friedrich alililimia utafiti hadi mwaka wa kifo chake, likawa limefikiwa na njia aliyoiota mwanawe.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mbegu huoshwa kwa spiriti na dawa ya klorini ili kuua vimelea. Huoteshwa kwenye chombo chenye chakula kilichogandishwa kwa agari, unga unaotokana na mwani. (Mwani unaolimwa Mlingotini ni wa aina nyingine, hutoa karajinani.) Chakula na vyombo hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi joto 121.

Baada ya siku chache, kifundo hukatwa pamoja na kotiledoni, chipukizi la awali huondolewa, na kipande huwekwa kwenye chakula chenye homoni ya kuchipusha. Ndani ya wiki chache hutokea machipukizi kadhaa. Kila moja hukatwa, huoteshwa mizizi, kisha huhamishiwa kwenye mchanga na kufunikwa kwa nailoni hadi lizoee hewa ya nje. Miche mingi hufa katika hatua hii ya mwisho kama haikuzoeshwa polepole.

Je, mkulima wa kunde anunue mche wa maabara?

Hapa ndipo hesabu inapohitajika. Tuchukulie, kwa mfano tu, kuwa mche mmoja wa maabara unauzwa shilingi 500.

Ekari moja ya migomba kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 inahitaji miche kama 450. Gharama ni shilingi 225,000. Mgomba unakaa shambani miaka kadhaa, na mche safi hauji na minyoo wala fukusi waliojificha kwenye chipukizi la kuombwa kwa jirani. Mkulima mwenye maji na mbolea anaweza kurudisha fedha hiyo.

Ekari moja ya kunde kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 20 ina mashimo kama 40,000. Kwa mche mmoja kila shimo, gharama ni shilingi milioni 20, kwa zao linalovunwa ndani ya miezi michache. Hakuna bei ya kunde, iwe Kerege au Kariakoo, itakayorudisha fedha hiyo. Mbegu kama kilo 10 zinatosha ekari hiyo hiyo, mbili kila shimo.

Kwa hiyo mtu akikuletea miche ya kunde au choroko ya maabara, mwulize akupigie hesabu hii kwanza. Fedha yako iende kwenye mbegu bora yenye lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI), au mbegu ya daraja la kuazimiwa ubora inayozalishwa na wakulima waliosajiliwa. Tena kunde hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo mkulima makini anaweza kutunza mbegu yake kwa misimu kadhaa.

Maabara ya mikunde inamsaidia mkulima kwa njia ndefu zaidi. Ni chombo cha mtafiti. Akiweza kuotesha mmea mzima kutoka kipande kidogo, anaweza kuzidisha haraka mmea mmoja wenye sifa nzuri, kuokoa kijusi ambacho kingekufa, au kuingiza sifa mpya. Kunde iliyobadilishwa vinasaba ili isishambuliwe na kiwavi wa maganda, iliyoidhinishwa Nigeria mwaka 2019, ilihitaji kwanza njia ya kuotesha kunde upya kutoka kwenye tishu. Hapa nchini hakuna kunde ya aina hiyo iliyoruhusiwa kuuzwa kwa wakulima.

Ni vyema tusichanganye mambo haya mawili. Kuotesha kwa tishu peke yake hakubadili vinasaba, kama vile kukata pingili ya muhogo kusivyobadili muhogo. Kituo cha utafiti cha Mikocheni, ambacho chimbuko lake ni mradi wa minazi, kimetumia maabara ya tishu kuzidisha miche safi ya mazao kama muhogo. Kwa muhogo wa Pwani, unaosumbuliwa na michirizi kahawia inayosambaa kwa pingili, kupata mbegu safi ni jambo la kufa na kupona.

Daftari la shamba

Haberlandt hakuwahi kuona mmea mzima ukitoka kwenye seli moja. Alichoacha ni taarifa iliyoandikwa vizuri kiasi kwamba waliokuja baada yake walijua waanzie wapi na wasirudie nini. Baba yake naye aliwategemea wakulima zaidi ya 100 walioandika walichovuna na walichokosa.

Mkulima wa Kerege hahitaji darubini kufanya hivyo. Daftari la shilingi chache linatosha. Andika tarehe ya kupanda, aina ya mbegu na ulikoinunua, mvua ilinyesha lini, wadudu walianza lini, ulivuna debe ngapi na uliuza kwa bei gani. Andika zaidi ule msimu ambao kunde zilikataa, kwa sababu ndio wenye kukuonyesha palipopungua. Ukienda kwa bwana shamba na daftari hilo, hatalazimika kukisia. Ukienda nalo kwenye chama cha akiba na mikopo, utaweza kueleza kwa tarakimu kwa nini unastahili kukopeshwa.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.